Mahari ya Ruiru

Mtaa mzima wa Majengo ulijua ninaolewa kabla mimi sijajua. Walijua ninaolewa na mzee, walijua mzee mwenyewe yuko Ruiru, walijua mahari iko tayari, na wengine walishaanza kubishana kama nitavaa gauni au kitenge. Mimi bi harusi nilikuwa nimekaa kwenye veranda ya duka la Ahmad, mguu kwenye pedali ya cherehani, nikishona kaptula za shule, sina habari.

Usinicheke bado. Ngoja nikueleze jinsi mtu anavyoozwa hewani.

Mwaka huo, tisini na nane, mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha ila barabara zilikuwa hazijaambiwa. Wakubwa wakaunda bodi, na bodi ikatuletea simu isiyo na waya. Si hizi za mfukoni. Kilikuwa kibanda cha rangi ya kijani karibu na soko hapa Thika, na pacha wake wa kijani karibu na soko la Ruiru, kila kimoja na mlingoti mrefu juu yake. Ukiingia cha Thika unaongea na aliye ndani ya kile cha Ruiru, basi. Hakuna namba. Unabonyeza kitufe unasema, unakiachilia unasikiliza, na ukimaliza zamu yako unasema "ova" ili mwenzako ajue ni yake.

Na ilikuwa bure! Siku ya kuzinduliwa, mkubwa mmoja mwenye tai fupi na hotuba ndefu alitutangazia kwamba hewa ni mali ya wote. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka, maana wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kusikia kuna kitu tunamiliki. Nani amelipia, hatukuuliza. Wenye meza sokoni na sisi wa veranda tulikuwa tumeongezewa ushuru mwezi uliotangulia, lakini nani anaunganisha mambo wakati ngoma inapigwa? Tukaipa simu jina la Hewani, tukaanza kupanga foleni.

Kabla ya hapo simu ya mtaa ilikuwa ya Ahmad. Duka lake lilikuwa la vitambaa, na ndani kwenye kona alikuwa amejenga chumba cha mbao chembamba kama kabati la kusimama. Unalipa, unafunga mlango, unaongea. Ahmad akisikia sauti yako imeshuka, anatoka nje kuangalia mawingu. Alikuwa na adabu hiyo. Hewani ilipofika, nani tena angelipa? Haukupita muda chumba cha mbao kikawa stoo ya marobota, na waya wa simu ukakatwa. Ahmad hakugomba na mtu. Alisema tu, "Haya, bure imenishinda."

Kwenye veranda yake ndipo nilipokuwa nashonea tangu kiwanda cha nguo kilipotupunguza. Siku ya kupunguzwa walituita ukumbini, wakatupa soda, kisha wakatwambia hatuna kazi. Tangu hapo mtu akinipa soda bila sababu huwa natafuta mlango uko wapi.

Na mlango ndio niliokuwa nautaka maishani. Veranda haina mlango. Kila jioni nilikuwa nafungua skrubu, nang'oa kichwa cha cherehani, nakibeba kifuani kama mtoto mgonjwa mpaka nyumbani. Miguu yake ya chuma naiacha imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Asubuhi narudisha kichwa. Mvua ikija ya upande, nainamia kitambaa cha watu kwa mgongo wangu. Nilikuwa sitaki gari wala ploti. Nilitaka mahali. Mahali penye mlango, nifunge jioni, ufunguo niutie kwenye sidiria, niende nyumbani mikono mitupu.

Basi kule Ruiru nilikuwa na rafiki, Kanini, tuliyekaa naye mashine moja kiwandani na tukapewa soda siku moja. Yeye alifungua saluni kwenye safu ya vyumba vya Mzee Barasa, mzee aliyestaafu kwenye mashamba ya kahawa akajenga vyumba vyake mbele ya shule. Mbele ya shule! Wewe fikiria fundi wa sare za shule anasikia maneno hayo. Kanini akanitumia salamu kwamba chumba kimoja kitaachwa wazi na atamsemesha mzee. Barasa alikuwa na taratibu zake: hakuwa anakodisha kwa maneno ya watu. Alitaka kukuona uso, mnywe chai, mkubaliane kwa mdomo, yaishe.

Jambo hilo nililificha kama nyama siku ya wageni. Ahmad akijua natafuta mahali pengine, kesho yake veranda ingekuwa na mtu mwingine. Walioimezea mate walikuwa wengi. Kwa hiyo mimi mjanja nikaona, kumbe Hewani ni dawa! Naenda kule sokoni, naongea na Kanini, Ahmad hajui kitu.

Waridi pia sikumwambia. Waridi ndiye aliyekuwa jirani yangu pale veranda, na meza yake ya vifungo, zipu, lastiki, lesi na nyuzi. Mteja akija kwangu na suruali yenye zipu mbovu, namwambia ageuke kushoto. Akija kwake na shati lisilo vifungo, anamwambia ageuke kulia. Tulikula sahani moja na kucheka watu wale wale. Lakini mdomo wa Waridi haukuwa na zipu, ingawa alikuwa akiziuza. Nilisema moyoni, nitamwambia siku nikihama.

Jumatano jioni ilikuwa zamu yetu na Kanini. Mlinzi wa kibanda cha Thika alikuwa Tobias, kijana wa bodi, mwenye kofia yenye maandishi na viatu visivyo na kamba.

"Tobias, leo inasikika?"

"Inasikika sana, mama," akasema, akaangalia chini. "Inasikika hata zaidi."

Nikaingia, nikabonyeza.

"Kanini! Niko hapa. Umeongea na mzee? Ova."

Hewa ikakoroma kama mtu aliyelala chali, kisha Kanini akatokea.

"Wee Katunge, sasa! Mzee amekubari! Mahari iko tayari... krrrr... nzuri sana... krrrr... anataka wewe tu, hataki kuona mwingine. Jumamosi uje mkubariane. Ova."

"Ngai! Unasema kweli? Ova."

"Kweri kabisa! Na usicherewe, mzee hana subira. Ova."

"Mwambie nakuja. Mimi nitaleta kichwa kwanza, miguu nitaituma baadaye. Ova."

Nje Tobias alikuwa anakohoa. Kila nilipoingia pale yule kijana alikuwa anakohoa. Nilipotoka nikamwambia, "Wewe tafuta tangawizi, utakufa na mapafu," nikaenda zangu, miguu haigusi chini.

Sasa sikiliza nilichokuwa sikijui. Redio yoyote ndogo ya betri, ukiusogeza mshale mpaka mwisho kabisa, ukapita stesheni zote, unaipata Hewani. Inatoka safi kama taarifa ya habari. Nani aligundua kwanza sijui, lakini muda si muda kila nyumba Majengo ilikuwa inaisikiliza jioni ugali ukiiva. Walijua nani anamlilia kaka yake msaada, nani amefukuzwa na mke, na nani anamwita mtu "sukari" ilhali yule si wake. Wenye redio wakaacha kwenda kibandani, wakakaa nyumbani kusikiliza. Tuliobaki kwenye foleni tulikuwa sisi tusio na redio. Yangu ilikufa na El Nino, paa liliivujia. Kwa hiyo mji ukagawanyika mara mbili: wasikilizaji, na sisi tuliokuwa vipindi.

Na Kanini ni Mkikuyu wa Githunguri. Ulimi wake na herufi ya L hawajawahi kuonana. Kiwandani saa sita alikuwa ananiita, "Katunge, twende kura," na uchaguzi uko mbali. Mimi sikio langu lilishazoea: Kanini akisema mahari, nasikia mahali. Lakini Majengo, mtaa wa Waislamu, mahari ni mahari. Mzee amekubali, mahari iko tayari, anakutaka wewe tu, uje Jumamosi. Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Kile kichwa na miguu tu ndicho kilichowasumbua. Baadaye niliambiwa kina mama walikikalia kikao, na mmoja akaamua kwamba kichwa ni mimi na miguu ni ndugu zangu Wakamba watakaokuja na mbuzi.

Alhamisi watu wakawa wema ghafla. Mama wa maandazi akaniletea mawili ya bure na kuniambia nile, ninaanza kukonda. Ahmad akaja akasimama kwenye mlango wa duka, akajikuna ndevu.

"Dada Katunge. Ruiru huwa kuna baridi kuliko hapa, sivyo?"

Mguu ukasimama kwenye pedali. "Sijui, Ahmad. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu. Wazee hupenda sweta." Akarudi ndani.

Nikadhani ana mpango wa kuuza sweta. Nikainamia kaptula zangu.

Waridi naye alikuwa na kicheko siku hiyo, kicheko cha mtu aliyemeza ndege mzima. Akauvuta mkono wangu, akauzungushia utepe wake wa kupimia kwenye kifundo.

"Mkono huu," akasema, "unataka bangili."

"Waridi, umekunywa nini?"

"Chai yako. Kwani wewe bibi, huwezi kupendwa bila sababu?"

Tukacheka sote. Nakumbuka tulivyocheka.

Ijumaa meza yake ilikuwa imefunikwa. Alikuwa ameaga kwamba nyanya yake mgonjwa, anaenda Theta kumwona. Mteja akija kutaka vifungo, nikawa namuuzia mimi na kuweka hela kwenye kopo lake.

Jumamosi nikavaa rinda langu la buluu, lile lenye mikunjo nililojishonea mwenyewe ili Mzee Barasa aone kazi kabla ya kuniona, nikaenda Ruiru. Kanini alikuwa mlangoni pa saluni yake, kitana mkononi, anasuka mteja. Aliponiona kitana kikasimama kichwani kwa mtu.

"Katunge? Umekuja kufanya nini?"

"Si uliniita?"

"Rakini..." Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Rakini wewe si unaorewa? Ndiyo hiyo nguo?"

"Naolewa na nani?"

"Utaniuriza mimi? Mimi ambaye hukuniambia? Nimekutafutia chumba, nimemsumbua mzee wa watu, kumbe wewe uko na mipango yako!" Macho yake yakajaa maji. Alikuwa amekasirika kweli.

Nikakaa kwenye benchi la wateja. Kwa upole, kama unavyofungua uzi uliojifunga, nikamwomba aanze mwanzo.

Ijumaa asubuhi alikuja mwanamke na kikapu, mtaratibu, ana heshima zake. Akamwambia Mzee Barasa kwamba ametumwa na Katunge wa Thika: Katunge anaolewa, hataweza tena mambo ya chumba, ila asingependa mzee apate hasara, kwa hiyo amemwachia yeye nafasi. Barasa hakuamini haraka. Akamwambia Kanini aende kibandani akaulize Thika.

"Nikaenda," akasema Kanini. "Nikakuta mtu tu kwa foreni huko kwenu, nikamuuriza, ati ni kweri Katunge fundi anaorewa? Foreni yote ikapiga kerere! Ndiyo! Mahari iko tayari! Tena wakasema ova."

"Kanini. Jumatano wewe uliniambia nini?"

"Nirikuambia mahari iko tayari."

"Enhe. Ndivyo walivyosikia."

"Warisikia nini?"

"Mahari."

"Si ndivyo nirisema! Mahari! Mahari pa kushonea!"

Mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alikuwa wa kwanza kuelewa. Akafunika mdomo kwa taulo. Kanini alitazama taulo, akanitazama mimi, kisha akakaa sakafuni pale pale kwenye nywele za watu.

"Ngai," akasema. "Nimekuoza."

Nilicheka. Sitadanganya, nilicheka mpaka nikashika ukuta, maana mimi nimeumbwa hivyo, kicheko hutangulia. Lakini katikati ya kucheka kitu kikanigonga. Majengo yote ilisikia mahari. Huyu mwanamke wa kikapu yeye alikuja kutafuta chumba.

Mlango ulikuwa wa pili kutoka saluni. Wa chuma, umepakwa rangi nyekundu, na kitasa kinachong'aa. Mzee Barasa alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake cha kukunja, akaniamkia kwa mkono mmoja. Nikajitambulisha. Akanitazama rinda, akatazama mlango, akavua kofia.

"Mama, mimi nilingoja mtu, mtu akaja," akasema. "Chumba ni kimoja. Nimekunywa chai na yule. Nikinywa nyingine na wewe, ya kwanza nitaitapika wapi?"

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, dirishani, kulikuwa na pazia la lesi ninayoijua. Kila siku nilikuwa nakaa kando yake ikiuzwa kwa mita. Waridi alikuwa anapanga visanduku vya vifungo kwenye rafu. Hakushtuka. Nadhani alikuwa ameshaupanga huo uso tangu jana.

"Karibu," akasema.

Karibu! Mimi!

"Nyanya amepona?" nikamuuliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Waridi, watu wote walisikia harusi. Wewe ulisikiaje chumba?"

Akaweka kisanduku chini. Akanijibu bila kunitazama.

"Mimi nimelelewa Theta, kwa Wakikuyu, Katunge. Utoto wangu wote nyanya yangu alinifokea: Waridi, kaa mahari pamoja! Waridi, rudisha kisu mahari urikitoa! Ningesikiaje kingine? Kilichobaki kilikuwa kuulizia Ruiru saluni ya Kanini."

"Na ukawaacha wanioze."

"Harusi walijitungia wenyewe. Mimi sikuwakatalia."

"Ulinipima mkono!"

Kicheko kikamponyoka, akakirudisha. Kisha akageuka, na safari hii alinitazama.

"Wewe ungeniambia lini? Sema. Tumekaa bega kwa bega, mvua yetu moja, jua letu moja. Nikae nyumbani kwangu napika, nisikie kwa redio kwamba unahama, kama watu wanavyosikia bei ya sukari imepanda? Ungehama, mimi veranda ile ningemuuzia nani zipu?"

"Kwa hiyo ukaniibia."

"Sikukuibia. Mtu anaibiwa kilicho mfukoni. Wewe ulikiweka hewani. Hewa ni mali ya wote, si tulipiga makofi mimi na wewe?"

Nilichokuwa nakiangalia ni ufunguo. Alikuwa ameutundika shingoni kwa utepe mweupe, lastiki ya robo inchi, ile bora.

Akaona ninapoangalia, akalegea. Nadhani alikusudia wema, na hilo ndilo lililonichoma.

"Sikiliza, bibi. Mimi nina vifaa, sijui kushona. Wewe unajua. Lete cherehani yako, nitakupa nafasi."

"Wapi?"

"Hapo nje. Kwenye veranda."

Nikatoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi nikabeba kichwa cha cherehani mpaka kwa Ahmad kama kawaida. Miguu yake ilikuwa imesogezwa ukutani. Palipokuwa pangu alikaa fundi wa redio, vyuma vyake vimetandazwa juu ya gunia, na wateja wamemzunguka. Kila mtu mwenye redio mbovu alikuwa anataka itengenezwe kabla ya jioni. Ahmad akanikuta nimesimama na kichwa mikononi.

"Dada! Hujaenda kwa bwana?"

"Hakuna bwana, Ahmad."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, rangi inamtoka.

"Wallahi nilidhani umeondoka. Nilisema yule ana aibu, haagi. Nikampa huyu, ameshanilipa."

"Ungeniuliza! Nilikuwa hapa hapa!"

"Ningekuulizaje? Ungeniuliza nimejuaje." Akajikuna ndevu. "Mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Kila mtu akitaka kukwambia, anaona itabidi aseme kwamba na yeye anasikiliza."

"Nilienda kule ili wewe usisikie."

Akatazama kona ya duka, kwenye marobota.

"Mimi nilikuwa natoka nje, Katunge," akasema.

Nikaenda kwa Tobias. Huyo hata sikumsalimu.

"Ulijua?"

"Mama, nilikuwa nakohoa!"

"Nilidhani ni mapafu!"

"Kila ukianza kusema siri, nakohoa. Ningefanya nini? Tuliambiwa tusiseme, wananchi watatishika."

"Nani aliwaambia?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa ofisi za bodi.

Kule nikapokewa na afisa mpole, shati limepigwa pasi. Hakunibishia hata kidogo, na afadhali angenibishia. Ndiyo, alisema, walijua tangu siku za mwanzo. Mitambo inayoficha maneno ni ghali, wakachukua ile ya kawaida.

"Basi mngebandika tangazo pale mlangoni. Neno moja tu: mnasikika."

"Watu wangeacha kuitumia, mama. Na wasipoitumia hatupati awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni ya kuficha maneno?"

"Ni ya vibanda vingine. Ngoingwa, Kahawa Sukari." Akatabasamu kama aliyenipa zawadi. "Tena hii ni huduma ya bure. Wewe hujalipa kitu, utadai nini?"

"Ushuru mliotuongezea je?"

"Hiyo ni idara nyingine." Akasukuma kiti nyuma. "Utakunywa soda?"

Nikatafuta mlango.

Wakubwa hawakuziba kitu. Maneno yalipoenea, foleni ikaisha, betri za kibanda zikaibwa, na kile cha kijani kikawa cha kuhifadhi mikokoteni. Ahmad alipokwenda kuomba waya wake urudishwe, aliambiwa angoje zamu pamoja na waombaji wapya. Ukitaka kuongea na mtu wa Ruiru ilibidi umfuate.

Basi nikamfuata. Kanini alilia mpaka nikaona nitakosa uvumilivu, akaniambia ile veranda ya saluni ni yangu, nisimlipe kitu. Nikamwambia nitalipa, ya bure nimeshaijua. Nikahamisha kichwa siku moja, miguu siku iliyofuata. Ikawa ni yale yale: vumbi, mvua ya upande, na jioni skrubu na kubeba. Tofauti ni kwamba kutoka pale nilipokaa niliuona mlango mwekundu, hatua chache tu, ukifungwa jioni kwa ufunguo na mtu anayeondoka mikono mitupu.

Waridi alikuwa amejaza chumba. Sare zilizoshonwa tayari za kiwandani, soksi, vifungo ukutani kama nyota. Wiki ya kufungua shule wazazi walipita kwake kwa wingi, lakini sare za kiwandani zina mwili wao na watoto wana wao. Zilipwaya mabegani, zikabana makalioni, na wazazi wakatoka nazo mkononi kutafuta fundi. Wa kwanza waliyemwona ni mimi, kwa kuwa niko nje. Waridi alikuwa anakuja kusimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, ananiangalia nikipunguza kile alichouza. Mara nyingine alikuwa akifungua mdomo kama atakayesema kitu. Mimi nilikuwa naushusha mguu kwenye pedali.

Asubuhi moja akaja mama mmoja na binti yake, sketi ya buluu mkononi, zipu imekatika meno.

"Fundi, nitengenezee haraka, kengele inakaribia kulia."

Nikaigeuza. Kazi ya dakika chache. Nikapekua kopo langu, sina zipu ya rangi hiyo. Mlangoni kwake Waridi alikuwa ameshaona sketi, ameshaona ninavyopekua, na mkono wake ulikuwa umeshaenda kwenye rafu bila kuulizwa, kama ulivyozoea.

"Zipu nimeishiwa, mama," nikasema. "Shuka hii barabara mpaka sokoni, upande wa wauza viatu, kuna mzee anazo. Uniletee ya inchi saba."

"Mpaka sokoni? Na mtoto anachelewa?" Akageuka, akaonyesha mlango mwekundu. "Si wanauza hapo?"

Nikaweka sketi kwenye magoti, nikaikunja vizuri, mshono juu ya mshono.

"Hapo?" nikamwambia. "Hapo sipajui."